Kutafuta Mahali pa Kupeleka Mahindi ya Mama

Mama alipojua kwamba hatapona, alituita mimi na dada yangu kando ya kitanda akatupa maagizo. Asizikwe na viatu vinavyobana. Ng'ombe auzwe kwa jirani wa upande wa juu, si yule wa chini, kwa sababu wa chini hupiga mifugo. Na mahindi yaliyokuwa kwenye stoo kule Turbo tusigawane sisi wenyewe.

"Nyinyi mnakula," alisema. "Hayo wapeni watu wanaosaidia watu. Lakini muangalie kwanza."

Dada aliuliza tuangalie nini. Mama akafumba macho. Tulingoja tukidhani anatafuta jibu, kumbe alikuwa amelala. Alipoamka aliomba chai na akaongea juu ya ng'ombe. Wiki hiyo hiyo akatuacha, na suala la kuangalia nini likabaki mikononi mwetu.

Ningenyamaza mambo yangekuwa rahisi. Lakini siku ya mazishi nilipopewa kipaza sauti nilikosa la kusema, nikalitaja agizo la mahindi ili watu waone Mama alikuwa mtu wa namna gani. Watu waliona. Kabla hatujamaliza kuvunja mahema, mtu mmoja alikuwa ameshanivuta kando kunieleza habari za timu ya mpira wa vijana. Mwingine alikuwa na kikundi cha kupanda miti. Binamu yetu alisema hata yeye husaidia watu, na dada alipomuuliza ni watu gani, akawataja watoto wake.

Lazima niseme sisi ni watu gani. Mimi ni fundi wa nguo. Nina chumba nyuma ya soko hapa Eldoret, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Dada yangu ni muuguzi mstaafu, anaishi peke yake Kapsoya. Amekaa wodini miaka mingi kiasi kwamba mpaka sasa, akikusalimia, anaangalia kwanza rangi ya macho yako. Hakuolewa. Husema hakupata nafasi, na huwezi kujua kama ni mzaha kwa sababu uso wake hausaidii.

Mama alikuwa na sababu za kutwambia tuangalie. Mwaka ule wa vurugu tulipolikimbia shamba tuliishi kwenye mahema, sisi na wengine wengi, na misaada ikawa inakuja. Unga ulikuja, blanketi zikaja, na siku moja zikaja nguo. Mama alipanga foleni tangu asubuhi akapewa vazi la kuogelea, jekundu, lenye maua. Alilitazama mbele na nyuma. Alimuuliza aliyegawa kama kuna jingine, akaambiwa ashukuru. Akashukuru. Baadaye alilikata, akatoa lastiki ya kufungia vifuniko vya mitungi ya maziwa. Alisema lilikuwa limeshonwa vizuri.

Siku nyingine akaja mtu wa kamera. Mama alipoelekezewa kamera alitabasamu, maana ndivyo mtu hufanya akipigwa picha. Yule mtu akamwambia kwa upole asitabasamu. Mama akauliza afanye nini basi na uso. Akaambiwa auache tu.

Lakini pia kulikuwa na mwanamke mmoja, mkazi wa mjini, ambaye alikuja kwetu kila jioni kuosha sufuria. Hakuwa na fulana ya shirika lolote. Alikuja, akakunja mikono ya sweta, akaosha, akamshika mtoto wa mtu aliyekuwa akilia, kisha akaenda. Mama hakuwahi kulijua jina lake. Ninaamini aliposema "watu wanaosaidia watu" alikuwa akimfikiria huyo. Shida ni kwamba mwanamke yule hakuwa na ofisi ambayo mimi na dada tungeweza kwenda kubisha mlango.

Tukaanza na mwenye bango.

Kilikuwa kituo cha watoto yatima, kwenye barabara ya kwenda Webuye. Bango lao lilikuwa kubwa kuliko lango. Tulipiga simu kabla ya kwenda, na hilo, kama dada alivyosema baadaye, lilikuwa kosa letu la kwanza. Mkurugenzi alitupokea akiwa amevaa suti na gambuti, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha. Alitukaribisha kwenye viti vya plastiki vilivyowekwa vitambaa, na watoto wakapangwa mbele yetu kwa urefu.

Waliimba. Ulikuwa wimbo wa kuwakaribisha wageni, wenye nafasi katikati ya kutaja wageni ni nani, na kwenye nafasi hiyo wakaimba "fundi na sista". Kisha msichana mdogo akatoka mbele akakariri shairi la mtoto asiye na mtu duniani. Mimi nililia. Sikukusudia. Ilikuwa mwezi wa pili tu tangu tumzike Mama, na yule mtoto alikuwa na pengo la meno ya mbele. Dada alinipa kitambaa bila kugeuza shingo.

"Samahani," alimwambia mkurugenzi shairi lilipokwisha. "Choo kiko wapi?"

Niseme wazi kwamba dada hakuwa amebanwa. Hiyo ndiyo namna yake ya kuangalia. Yeye huamini kwamba mahali popote panapotunza watu, ukweli uko chooni na chini ya magodoro, kwa sababu hayo mawili hayasafishwi kwa ajili ya wageni. Alipokuwa huko mimi niliwatazama watoto, nami nina namna yangu. Sweta zao zilikuwa mpya kabisa, bado zina alama za kukunjwa. Kola zilikuwa ngumu. Mvulana mmoja mikono ya sweta ilimfika kwenye viwiko, na mwingine ilimfunika vidole. Nguo ya mtoto inayovaliwa kila siku haikai hivyo. Zile zilikuwa zimetolewa kabatini asubuhi hiyo, na jioni zingerudi.

Dada alirudi, akaketi, akamwita yule msichana wa shairi.

"Likizo huwa mnaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nani?"

"Kwa mama."

Mkurugenzi alikohoa. Alisema watoto wa umri huo humwita mtu yeyote mama. Dada akamuuliza msichana mama yake anafanya kazi gani, na msichana akasema anauza ndizi Turbo, karibu na mahali malori huegeshwa. Kisha mkurugenzi akatuuliza kama tusingeona afadhali kuyauza yale mahindi tukaleta pesa, kwa sababu kituo kina gharama za uendeshaji.

Ndani ya pikapu tuliyoazima, sikuwasha gari kwanza.

"Choo kikoje?" niliuliza.

"Kimoja kina kufuli. Hicho ni cha wageni. Hicho kingine wacha nisikuambie, bado hujala chakula cha mchana."

"Lakini watoto wapo. Hawakuchorwa."

"Si yatima."

"Wanakula."

"Hata wewe unakula," dada alisema. "Endesha gari."

Mahali pa pili palikuwa ofisi ya shirika moja mjini, ghorofa ya tatu. Tulienda kwa sababu mteja wangu alilisifu sana. Palikuwa na zulia, na tuliletewa chai na sambusa kabla hatujasema tumetoka wapi. Dada alienda chooni akarudi akisema kuna sabuni ya maji na hata kitambaa cha kukaushia mikono. Hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

Msichana aliyetupokea alikuwa mpole na msomi. Alitueleza kwamba wao hawagawi vitu, kwa kuwa vitu humfanya mtu kuwa tegemezi. Wao huwajengea watu uwezo.

"Na mwaka huu mmejenga nini?" dada aliuliza.

"Uwezo," msichana alisema.

Dada akatingisha kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa habari za ugonjwa. Msichana aliposikia kwamba yeye ni muuguzi aliyestaafu alifurahi, akamwomba ajitolee muda wake, maana muda ni mchango mkubwa kuliko mahindi. Dada akaona hilo ni neno la maana. Alienda kwenye semina yao, siku nzima, kwenye hoteli. Jioni alipita kwangu akiwa na mfuko wa kitambaa, kalamu na shibe.

"Ilikuwaje?" mke wangu akamuuliza.

"Tulijengwa," dada alisema.

Mke wangu ni mtu wa maneno machache ambayo hukaa. Wakati huo alikuwa ameshachoka nasi. Kila Jumapili baada ya kanisa, dada alikuja kwetu tukakaa kwenye kochi na kuwapima watu ambao hawakuwepo. Fulani ana gari kubwa mno kwa mtu anayesaidia wajane. Fulani yuko sawa, lakini mbona anapenda kuhojiwa redioni? Tulifika mahali tukawa tunafurahia. Naona aibu kidogo kusema hivyo, lakini ukiwa na kitu cha kutoa ambacho bado hujatoa, watu hukusikiliza sana, na mahindi yale yalikuwa yametufanya wakubwa.

Kisha jirani wa upande wa juu akapiga simu. Alitupa habari za ng'ombe, kwamba ananona, halafu akasema, "Fundi, kwa stoo yenu kuna sauti."

Tulienda. Dada akaweka sikio kwenye ukuta wa mbao, nami nikaweka langu. Ilikuwa kama manyunyu yakianguka juu ya majani, sauti ndogo, ya pamoja, isiyokoma. Tulifungua. Kwenye magunia ya nyuma unga mweupe ulikuwa umemwagika sakafuni kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akisaga. Walikuwa dumuzi, wale wadudu wa kutoboa mahindi. Mama angekuwepo wasingepita hata mlangoni, maana alikuwa akitia dawa mapema na kugeuza magunia. Sisi tulikuwa tumeshughulika na vyoo vya watu.

Jioni nilimweleza mke wangu. Aliendelea kukata sukuma wiki.

"Nyinyi mnaangalia," alisema. "Wao wanakula."

Huruma, mtaa wa mabanda hapa Eldoret, tulifika kwa njia ya shuka. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akija kwangu mara kwa mara na shuka zilizochakaa katikati. Kila fundi anajua kazi hiyo: unaichana shuka katikati, unageuza, zile kingo nzima unaziunganisha ziwe katikati, na sehemu iliyochakaa inakuwa pembeni. Mtu mmoja hawezi kuchakaza shuka nyingi namna ile. Nilikuwa nimefikiri ana nyumba ya kulala wageni, ya bei ya chini, na kwa heshima sikuuliza. Baada ya yale ya dumuzi nikauliza.

"Ni za wagonjwa," alisema. "Wale hawaamki."

Yeye alikuwa muuza mboga, mtu wa Kakamega kwa asili, mnene, mwenye sauti ya kuita wateja. Alisema yeye na wenzake wa ploti za karibu huwatembelea watu walio kitandani pale Huruma, wasio na mtu wa kukaa nao mchana. Huwaosha, huwageuza, huwalisha. Nilimuuliza wanaitwa nani. Akafikiri. Alisema watu huwaita tu wale akina mama.

Safari hii hatukupiga simu. Alhamisi dada alivaa viatu vya kazi tukaenda. Muuza mboga alitukuta kwenye kona ya kibanda chake, akamwachia jirani mboga zake, tukamfuata kupitia vichochoro, kati ya nyumba za mabati na kamba za nguo, tukipita mafundi wa jua kali waliokuwa wakigonga majiko. Dada akauliza choo kiko wapi.

"Unataka kweli ama unauliza tu?" muuza mboga alisema.

Dada hakuwa amewahi kuulizwa hivyo. "Nauliza tu," alisema.

"Basi ni kile pale, ni cha ploti nzima. Ni kibaya. Si chetu, ni cha landilodi."

Tukaingia kwenye chumba cha mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori. Alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia umekufa, lakini ulimi ulikuwa umerudi wote na pengine na nyongeza. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda, stovu, na picha ya lori ukutani. Mwanamke mwingine wa kikundi alikuwa amepiga magoti akimwosha mgongo.

"Mzee, tumekuletea wageni," muuza mboga alisema.

"Naona. Wamekuja kupiga picha?"

"Hapana, Mzee," nilisema.

"Wanaimba?"

"Hapana."

"Basi wakae." Alinitazama, kisha akamgeukia anayemwosha. "Huyu mama ananisugua kama sufuria ya githeri. Mwambieni mimi si sufuria."

"Sufuria hainuki hivi," mwanamke alisema, akaendelea.

Dada alikuwa amesimama mlangoni akiangalia. Niliijua ile hali yake. Alikuwa akitafuta cha kukataa. Aliangalia beseni, kitambaa, chini ya godoro kwa kuinama kidogo kana kwamba anafunga kiatu. Mzee alimwona.

"Wewe Mama, umepoteza kitu?"

"Naangalia tu, Mzee."

"Haya. Sasa umeona. Na mgongo wangu unaniuma."

Dada alivua saa. Alikunja mikono, akaomba nafasi, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda. Yeye na yule mwanamke wakamgeuza mzee kwa pamoja bila kuambiana kitu, na chini ya nyonga kulikuwa na kidonda kilichoanza kufunguka, chenye ukubwa wa kifuniko cha soda. Dada aliuliza wamekuwa wakikipaka nini. Akaambiwa. Akasema hiyo dawa si mbaya lakini ngozi haitapona ikilaliwa, na akaonyesha namna ya kuweka mto. Mto haukuwepo. Akavua sweta yake, akaikunja.

Nilikuwa nimesimama bila kazi. Mzee akanitazama.

"Na wewe kijana, unajua nini?"

Nina miaka hamsini na kitu. "Najua kushona, Mzee."

"Basi huyu mwenye kuunganisha hizi shuka, ukimpata, mwambie mshono wake wa katikati unanikata mgongo."

Nilisema nitamwambia.

Tulipotoka, tuliketi kwenye viti vya kibanda cha mboga na dada akaeleza habari za mahindi. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, agizo la Mama na magunia yaliyobaki, na alipomaliza alikaa kama mtu anayengoja kushukuriwa. Muuza mboga alikuwa akichambua sukuma.

"Yote?" aliuliza.

"Yote."

"Hapana, Sista. Yote hatutaki."

Nilifikiri sijasikia vizuri. Alituambia kwamba zamani kidogo kuna mtu wa kanisa aliwaletea vyakula vingi kwa pikapu. Kufikia jioni kikundi kilikuwa kimejaa wanachama ambao hawakuwa wamewahi kumwona mgonjwa, na wawili waliokuwa wakiosha watu tangu mwanzo waligombana juu ya mafuta ya kupikia hadi leo hawasalimiani. Wagonjwa walikaa siku kadhaa bila kuoshwa, kwa sababu wote walikuwa kwenye mkutano.

"Tupeni kidogo ya kusaga unga wa uji," alisema. "Ikiisha tutawaambia. Lakini wewe Sista, nikuulize. Umestaafu?"

"Nimestaafu."

"Magoti iko sawa?"

"Iko sawa kiasi."

"Unaweza kuja Alhamisi ijayo?"

"Naweza."

"Na ile nyingine?" Aliweka sukuma chini akamtazama dada machoni. "Wengi huja moja. Wanalia, wanasema watarudi. Wale wazee wanawangoja. Mzee huyo wa lori mwaka jana alingoja mtu fulani mpaka akakataa kula. Kama hutaweza useme saa hii, hakuna ubaya."

Dada aliomba apewe siku ya kufikiria. Tulipofika kwenye barabara ya lami akasema, "Huyo mama ana kiburi." Baada ya muda akasema tena, "Yuko sawa, lakini ana kiburi."

Alhamisi iliyofuata alienda. Hakuniambia. Niliambiwa na muuza mboga, alipoleta shuka.

Bado tulikuwa na mahindi. Magunia ya Huruma yalikuwa yameshapelekwa, lakini yaliyobaki yalikuwa mengi na dumuzi hawakuwa na likizo. Shule ndizo zilizokuwa zimefungwa. Siku moja tukiwa Turbo kuweka dawa, dada akasema tupite kwa yule mwenye bango. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui, lakini yule msichana mwenye pengo amemkaa akilini.

Hapakuwa na viti vya plastiki safari hii. Lango lilikuwa wazi. Tulimkuta mkurugenzi nyuma ya jikoni, bila suti, akipasua kuni. Watoto walikuwa wachache, wamevaa fulana zilizochanika begani, wanakimbizana na gurudumu. Msichana wa shairi hakuwepo. Jikoni mpishi alikuwa akikoroga uji, na dada alichungulia ndani ya sufuria. Ulikuwa mwepesi sana. Ungeweza kusoma gazeti kupitia uji ule.

Mkurugenzi alituona akaanza kutafuta shati.

"Wacha," dada alisema. "Hawa ni kina nani?"

"Hawa ndio hawana pa kwenda," alisema. "Wale wengine wana mama, wana nyanya. Mama akipata kibarua cha kupalilia mbali, anamleta hapa akae, asome. Akiwa na nafasi anamchukua."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

Aliweka shoka chini. Sidhani alikuwa akijitetea. Alionekana amechoka. "Mama, niliandika hivyo kwenye bango mwanzoni. Kituo cha watoto wa akina mama wa vibarua. Hakuna gari hata moja iliyosimama. Nikaandika yatima, yakaanza kusimama. Wewe mwenyewe ulisimama."

Hiyo ilikuwa kweli. Dada akaangalia watoto kwa muda mrefu. Kisha akaenda chooni, kile kisicho na kufuli, akarudi na kusema kifukiwe kichimbwe kingine, na kile chenye kufuli kifunguliwe watoto watumie, leo. Mkurugenzi akatoa ufunguo mfukoni.

Hatukukubaliana moja kwa moja. Mimi nilitaka kumpa yote. Dada alisema mtu aliyedanganya mara moja kwa sababu nzuri hudanganya ya pili kwa wepesi. Nilimwambia hatumpi yeye, tunawapa wale wa uji. Akasema mahindi hupita mikononi mwake kabla hayajafika kwenye uji. Tulibishana pale pale kando ya pikapu, mpishi akitusikiliza bila kujificha, mpaka tukaamua kitu ambacho hakikumfurahisha yeyote sana: tutaleta mahindi, si pesa, kidogo kidogo, na tutayapeleka kwenye mashine ya kusaga wenyewe tukabidhi unga jikoni. Na dada akamwambia mkurugenzi sharti la mwisho.

"Tukija, watoto wasiimbe."

"Kabisa?"

"Wakitaka kuimba waimbe tukishaondoka."

Yaliyoharibika kabisa tulimpa jirani wa juu, awape kuku. Jirani wa chini alikasirika kwamba hakupewa. Binamu yetu pia alikasirika, hadi sasa husema kwamba sisi tuliwapa watu wa mbali.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo sasa. Siwezi kusema tulichagua vizuri. Mke wangu anasema tulichelewa, na hilo halina ubishi. Kituo kimechimba choo kipya, bango bado linasema yatima. Kila nikipita naliona, nami huwa sijui niwe na maoni gani. Mzee wa lori bado anaishi na bado analalamika. Siku hizi sichani shuka zake katikati. Nazitia kiraka bapa, na amesema, kupitia dada, kwamba yule fundi wa sasa ana akili zaidi kidogo kuliko yule wa zamani, na hiyo kwake ni sifa.

Dada haachi Alhamisi. Lakini msimu wa baridi uliopita alipatwa na homa kali ya mafua, akanipigia simu asubuhi niwaambie akina mama wa Huruma kwamba hataweza. Niliwaambia. Nilifikiri yameishia hapo.

Mchana simu yangu ikalia. Alikuwa dada, akiongea chini chini.

"Wamekuja," alisema.

"Nani?"

"Hao. Watatu. Wamekuja na beseni yao, kana kwamba mimi sina beseni. Nimewaambia naweza kusimama. Wamenilaza."

"Wanafanya nini?"

"Mmoja anapika uji jikoni kwangu, anauliza mbona sina sukari. Mwingine anabadilisha shuka. Huyo mkubwa ananiosha miguu." Nikasikia maji, na sauti ya muuza mboga ikimwambia aache kusogea. "Anasugua sana. Na maji ni moto kuliko inavyotakiwa."

Dada yangu amewaosha watu maisha yake yote. Sikumbuki, tangu tukiwa wadogo, mtu yeyote akimwosha yeye. Nilizima cherehani ili nimsikie vizuri.

"Nije niwaambie waende?" nilimuuliza.

Nikamsikia akimwambia mtu sukari iko kwenye kopo la majani ya chai, nyuma ya chumvi.

"Hapana," aliniambia. "Wacha wamalize."